Mkanda Ulikuwa Umekazwa

Al Nahda, Dubai
Alhamisi, baada ya Alasiri

Mwanangu Zuwena,

Jana ulipokalia sanduku lako ili lifungike, mama yako alikuuliza kama kamba umeikaza, ukamjibu, "Nimekaza, mimi si Mpate." Mkacheka nyote wawili. Mimi nilikuwa kwenye kiti changu cha dirishani na gazeti mkononi, na nikacheka pia, kwa sababu nimezoea kucheka hapo. Kisha nikakumbuka kwamba baada ya siku tatu utakuwa umesimama mbele ya Mpate mwenyewe.

Ndiyo maana nakuandikia. Wewe na mama yako mmetoka kutafuta viatu vya mvua, jambo ambalo katika mji huu litawachukua muda. Nyumba imetulia, ukiacha mashine za wanaojenga mnara wa jirani. Ningeweza kukusubiri nikwambie kwa mdomo, lakini najijua. Ningeanza vizuri, na ukinitazama mara moja tu ningegeuza maneno nikaishia kukueleza habari za chandarua.

Za chandarua mama yako ameshakwambia mara nne. Za dawa, za maji ya kuchemsha, za kupiga simu kila Ijumaa, pia. Sina la kuongeza huko.

Nitaanza na unayoyajua, ili nijilazimishe kufuata mstari. Unajua kwamba arbab, bwana ninayemfanyia kazi, ndiye kafeel wangu, mdhamini wa ukaazi wangu, kwa miaka ishirini na sita, na kwamba kila mwaka yeye husafiri kwenda kuwinda kusini mwa Tanzania. Ndiye aliyekuombea kazi kwenye kambi hiyo, ukae juu ya mti karibu na chambo, umtazame chui, useme huyu ni dume mzima au hapana, kabla bunduki yoyote haijanyanyuliwa. Ni kazi nzuri na umeisomea. Unajua pia kwamba miaka saba iliyopita mfuata nyayo wa kambi hiyo, Mzee Mpate, alianguka kutoka kwenye mti akavunjika nyonga, na kwamba alianguka kwa sababu hakukaza mkanda.

Hilo la mwisho si kweli. Mkanda ulikuwa umekazwa. Mimi najua, na nimejua kwa miaka saba.

Sasa nieleze kwa mpangilio, maana hata kosa lina utaratibu wake.

Mwaka ule arbab alirudi kutoka Amerika na begi dogo ambalo alilibeba mwenyewe, hakumpa dereva. Ndani mlikuwa na kitu walichokiita tandiko, ingawa halikuhusiana na farasi yeyote: kitambaa kigumu cha kukalia, chenye mikanda, ambacho mwindaji hujifunga kiunoni na mapajani, kisha akajifunga kwa kamba kwenye shina la mti. Halafu hujiegemeza nyuma, akaning'inia kama mtu aliyekaa kwenye pembea, uso wake ukielekea mti. Miguu husimama kwenye kibao cha alumini, kidogo kuliko sinia ya chakula cha watu wawili, kilichofungwa kwenye shina kwa mkanda mmoja. Nyuma ya kibao pana bamba lenye meno. Ukisimama, uzito wako huyasukuma meno ndani ya gome, na kadiri unavyozidi kusimama ndivyo kinavyozidi kushika. Nilikipenda mara nilipokiona. Kilikuwa na akili.

Arbab hakukipenda. Alisema ni kizito, kinalia mlio wa sufuria kikigusa bunduki, na kinateleza chini ya soli. Akanikabidhi mimi, kwa sababu kwa muda wote huo kazi yangu kule Jebel Ali ilikuwa ngazi na majukwaa ya maghala, vitu ambavyo watu husimama juu yake bila kuvifikiria. Akaniuliza kama naijua miti ya Afrika. Nikamwambia naijua, ni miti ya kwetu.

Hapo ndipo kosa lilipozaliwa. Utadhani lilizaliwa kwenye karakana, lakini lilizaliwa kwenye jibu hilo.

Mimi nimezaliwa mjini Unguja, Zuwena, kwenye nyumba ya ghorofa. Mti niliokuwa nao ni mkungu mmoja uliokuwa mbele ya skuli, na mikarafuu niliyoiona kwa dirisha la gari tulipokwenda shamba kwa ami yangu. Bara sijapata kuishi. Niliondoka nikiwa na miaka kumi na tisa, na tangu hapo miti ya kwetu nimeisoma kwenye vitabu. Nimesoma vingi, ndio. Naweza kukwambia mkuyu una majani ya namna gani na matunda yake hukaa wapi. Lakini kitabu hakikwambii gome lake linashikaje chuma. Na mtu akikaa ugenini miaka mingi, watu humuuliza habari za kwao kama vile yeye ndiye mwenye funguo, naye huona haya kusema kwamba funguo hana. Mimi niliona haya mbele ya arbab.

Nikaanza kazi. Kelele niliimaliza kwa mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, nilioukata vipande nikavifunga pembezoni. Utelezi niliumaliza kwa kupaka rangi na kunyunyiza mchanga juu yake kabla haijakauka, mchanga wa hapa hapa nje, nilioupepeta kwa chekeche la mama yako. Aligundua. Uzito niliupunguza kwa kutoboa matundu kwenye bamba, kwa hesabu, mbali na viungio. Mambo yote hayo matatu yalikuwa sawa, na hata leo nisingeyabadilisha.

Kisha nikakijaribu kwenye mti. Na mti tuliokuwa nao nyuma ya karakana ulikuwa mtende.

Unalijua shina la mtende. Limejaa visiki vya makuti yaliyokatwa, safu juu ya safu. Meno ya kibao yalikuwa yakinasa kwenye nyuzi zake, kila nikikitoa inanibidi nipige nyundo. Basi nikayapiga tupa, nikayafupisha. Lile bamba la nyuma lilikuwa pana, halikuingia vizuri kati ya visiki, nikalikata msumeno pande mbili mpaka likawa jembamba kama kiganja. Likaingia vizuri sana. Nikasimama juu yake, nikaruka, nikasimama kwa mguu mmoja pembeni kabisa. Hakikutikisika.

Wekesa alikuwa akitazama. Unamkumbuka Wekesa, yule Mkenya aliyekuwa mlinzi wa geti letu, aliyekuletea ile miwa? Aliacha kiti chake akaja akalizunguka shina, mikono nyuma kama mkaguzi.

"Mzee," akasema, "huu si mti. Huu ni brashi. Hata mbuzi akipanda hapa atasimama."

Nikamwambia ameajiriwa kuchunga geti.

Akacheka. "Sawa, mzee wangu. Lakini kwetu Kakamega kuna miti iko laini kama shavu ya mtoto. Hii kitu umeitengenezea mtende. Kwa ile miti itazunguka na mtu."

"Kakamega si Tanzania," nikamjibu.

"Na Dubai je?"

Nilikuwa mkubwa wake kwa miaka thelathini, nimesoma vitabu ambavyo yeye hajavisikia, na nilikuwa natoka jasho mbele ya mtu ambaye utoto wake wote ulipita mitini. Nikachukua chapa yangu ya chuma, ile ya herufi mbili za jina langu ninayoipiga kwenye kila ngazi ninayoikubali, nikaigonga kwenye kibao pale pale, mbele yake. Niligonga kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Alama iliingia mpaka upande wa pili ukavimba.

Safari ya arbab haikumaliza wiki. Alinipigia kwa simu ya setilaiti, sauti inakuja na kurudi. Aliniambia kwamba Mpate alipanda mkuyu kumwandalia mahali. Yeye mwenyewe hakuwa na tandiko, kwa kuwa tandiko lilikuwa moja tu na lilikuwa la arbab. Alikifunga kibao, akasimama juu yake, kikashika. Halafu akanyoosha mkono upande wa kulia kukata tawi, uzito wote ukaenda kwenye ukingo wa kulia, na kibao kikazunguka shina kama bawaba. Alianguka mita tano.

"Kibao chako kimemwangusha mtu, Suleiman," akasema.

Sikuuliza kama yu hai, nalo hilo sitalisahau. Niliuliza, "Mkanda ulikazwa?"

Akasema, "Yeye anasema ameukaza."

"Ungekazwa, kisingezunguka."

Hayo ndiyo maneno yangu, kama yalivyo. Arbab akasema khalas, yamekwisha, ameelewa, na simu ikakatika. Nilikaa pale nikijua kwamba nimesema jambo ambalo silijui. Wakati ule bado sikujua kama ni uongo. Nilikuwa nimechagua tu upande wenye nafuu kwangu, na nikajiambia huenda ndio ukweli.

Baada ya wiki tatu begi lilirudi. Nilifunga mlango wa karakana nikaweka kibao mezani chini ya taa, na mkanda wake ubavuni. Mkanda uliolegea husugua, huacha uchafu mpana uliopakazika huku na huku. Huu ulikuwa na alama moja nyembamba ya gome, safi, kutoka mwanzo hadi mwisho. Bizimu ilikuwa imeuma kitambaa mpaka nyuzi mbili zimekatika. Mtu alikuwa ameukaza kwa uzito wa mwili wake wote. Na meno niliyoyafupisha yalikuwa na utomvu kwenye ncha tu, basi. Hayakuwahi kuingia kwenye gome. Ubavuni mwa bamba, pale nilipokata msumeno, palikuwa na mkwaruzo uliopinda, ile njia ambayo kibao kilipita kikizunguka. Kila kitu kilikuwa kimeandikwa pale kwa lugha ninayoisoma kuliko zote.

Nilikitia kwenye gunia, nikakiweka juu ya kabati la stoo. Ndicho kile ulichowahi kunishushia tulipohama, ukaniuliza mbona kizito hivi wakati kimejaa matundu.

Jioni ile mezani uliniuliza imekuwaje yule mzee akaanguka. Ulikuwa na miaka kumi na minane na ulikuwa ukiuliza kila kitu. Nikasema, "Hakukaza mkanda." Siku ya pili mama yako akaacha kifuniko cha chupa ya chai kimelegea, chai ikamwagika, nawe ukasema, "Nani Mpate hapa?" Tukacheka. Tangu siku hiyo limekuwa neno la nyumba hii. Bomba likivuja, Mpate. Kifungo cha shati, Mpate. Uliposoma India ulituandikia kwamba umefundisha hata wenzako bwenini. Kila nilipolisikia ningeweza kulizuia. Mwanzoni lilinichoma. Baadaye, na hili ndilo linalonichosha kuliko yote, halikunichoma tena. Nilianza kulisema mimi mwenyewe.

Miaka miwili baadaye niliuliza habari zake, kwa kupitia pembeni, kama mtu anayeuliza hali ya hewa. Arbab akaniambia yupo, ila hafuati nyayo tena. Si kwa sababu ya mguu, maana mguu ulimrudia kiasi cha kutembea na fimbo. Ni kwa sababu hakuna mwindaji anayetaka kukabidhi maisha yake kwa mtu mzembe. Wamempa kazi ya geti la kambi, anyanyue mti gari likija, aushushe likipita. Amefuata nyayo miaka thelathini, Zuwena. Mtu huyo, kwa maneno ya arbab, aliweza kuangalia majani yaliyolala akakwambia chui alipita kabla ya umande au baada yake.

Sikukusimulia kamwe kwa ukamilifu kwa nini mimi niliondoka Unguja. Ulidhani ni kwa ajili ya kazi, na nilikuacha udhani. Babu yako alikuwa karani. Kuna watu walisema neno juu yake kuhusu jambo ambalo hawakuliona, watu ambao siku hiyo hawakuwepo hata mtaani, na neno hilo lilipokelewa kwa sababu liliwafaa waliolipokea. Hakupata mahali pa kulijibia. Nilimwona akizeeka ndani ya miezi sita. Nimeibeba hasira hiyo miaka yote hii, nikiamini kwamba imenifanya mtu mwadilifu. Kumbe unaweza kuibeba hasira ya namna hiyo mkono mmoja, na kwa mkono wa pili ukamfanyia mtu mwingine jambo lile lile, kwa simu, kwa sentensi moja, bila hata kuinuka kwenye kiti.

Sisemi haya ili unihurumie. Nimechoka tu kuyajua peke yangu.

Jumatatu nilikwenda kwa arbab. Nilimkuta kwenye majlis yake ya kupokelea wageni, peke yake, jambo ambalo ni nadra. Nilichukua gunia, nikalifungua juu ya zulia, nikamwonyesha mkanda, nikamwonyesha meno, nikamwonyesha mkwaruzo. Alivaa miwani. Alichukua muda mrefu, akiupitisha mkanda kati ya vidole.

"Miaka saba, Suleiman," akasema. "Kwa nini sasa?"

"Kwa sababu binti yangu anakwenda kule."

"Na kama asingekwenda?"

Swali hilo nimekaa nalo tangu Jumatatu. Nimeliandika hapa ili ujue kwamba baba yako hakuamka siku moja na moyo safi. Ni kwamba njia ilifungwa.

Arbab alimimina kahawa, akanipa, akasema atawaandikia wenye kambi, inshallah. Unajua na mimi najua jinsi neno hilo linavyoweza kumaanisha kesho, na linavyoweza kumaanisha kamwe. Alisema pia kwamba kazi yako haihusiani na mambo haya, utakwenda, na kwa hilo namshukuru. Kuhusu karatasi zangu za ukaazi, ambazo zinataka saini yake baada ya Idi, hakusema kitu, na mimi sikuuliza. Mama yako anajua. Usirudi nyuma kwa sababu ya hilo. Nimeishi hapa kwa saini ya mtu mwingine tangu hujazaliwa.

Sasa kibao kipya.

Umeshakiona begini, umefurahi, umesema ni kizuri. Nataka ujue nimekitengenezaje, halafu nataka usikiamini.

Bamba la nyuma ni pana mara mbili ya lile, na si bapa. Nimelipinda kidogo katikati ili liukumbatie mviringo wa shina, na meno nimeyaweka kwenye pembe za nje, mbali na katikati kadiri nilivyoweza. Mtu aliyekaa kwenye tandiko hasimami wima. Anapinda huku na huku kufuata anachokitazama, na nguvu yake yote huenda pembeni. Kile cha kwanza nilikifanya kwa ajili ya mtu aliyesimama katikati kama askari wa gwaride. Meno ni marefu na makali, kwa hivyo kina ala ya ngozi. Usiivue mpaka uwe kwenye mti. Mikanda ni miwili badala ya mmoja, wa pili ni wa chini. Matundu ni machache, kwa hiyo ni kizito kidogo kuliko ambavyo ningependa. Niliacha uzito huo kwa makusudi.

Nimekijaribu kwenye mwarobaini wa nyuma ya karakana, kwenye mghafu, ule mti wa jangwani, njia ya kwenda shamba la arbab, na kwenye bomba la zege walilolilaza kando ya barabara wale wanaosimika nguzo za treni. Kipenyo cha bomba kilinizidi kimo, nikatafuta jingine dogo, msimamizi wao akanifukuza, nikarudi Ijumaa wakati hayupo. Na nilimtafuta Wekesa. Sasa ni mlinzi wa hoteli kule Al Barsha, amenenepa, ana miwani ya jua. Sikumweleza mengi. Nilimwambia tu kwamba alikuwa sahihi kuhusu mtende.

Nilidhani atanicheka. "Mtu aliumia?" akauliza. Yeye aliuliza hilo kwanza.

Nikamwambia ndiyo.

Ijumaa iliyopita alipanda mabasi mawili kuja, akavua viatu, akasimama kwenye kibao kwenye ule mwarobaini. Ukingo wa kulia, ukingo wa kushoto, kisigino, vidole, akaning'inia, akajirusha. Alikitafutia ubaya kwa nusu saa nzima. Aliona mmoja, kwamba bizimu ya mkanda wa chini inakaa mahali ambapo goti litaigonga, na nimeihamisha. Mwishoni akakaa chini, akavaa soksi. "Sasa iko fiti, mzee," akasema. "Lakini bado hujaona mti yenyewe."

Ndivyo ilivyo. Sijakijaribu kwenye mkuyu. Hapa nilipo sina mkuyu ninaoweza kuufikia. Yote niliyokwambia juu ya bamba na meno ni maneno ya mtu aliyefikiri vizuri akiwa mbali, na hata mara ya kwanza nilifikiri vizuri nikiwa mbali.

Kwa hiyo kila mti utakaopanda, hata kama jana ulipanda ndugu yake, kifunge kibao kwanza usawa wa goti. Simama pembeni kabisa, pande zote mbili, ukiwa unaweza kuanguka na kuchafua suruali tu. Ukiwa na haraka, ukiwa na wageni wanaokusubiri na kutazama saa zao, fanya hivyo hivyo. Na usipande kupita usawa wa goti bila tandiko kufungwa, na asipande mwingine badala yako bila tandiko, hata akikwambia yeye amezoea. Wakiwa na tandiko moja na watu ni wawili, mmoja abaki chini. Ni hilo tu la kukuagiza, na ona, hata mimi nimeangukia kwenye maagizo.

Utakapofika getini utamkuta ameshika fimbo. Mwamkie kwa adabu kama ambavyo ungemwamkia babu yako, shikamoo kwanza, kabla ya mizigo, kabla hujauliza choo. Mwambie wewe ni nani na mtoto wa nani. Huenda jina langu halijui, maana kwake mimi nilikuwa ni alama ya herufi mbili kwenye chuma. Kisha umweleze, kwa Kiswahili chepesi, siku utakayoona inafaa, lakini isipite wiki. Usiisome barua hii mbele yake yote. Humo mna mambo yangu mengi, naye hana haja ya kujua kwamba nimechoka. Msomee pale penye mkanda: alama moja nyembamba, bizimu iliyouma, meno yasiyoingia. Hiyo ni lugha yake pia, ya kusoma alama. Atajua kama nasema kweli. Na msomee mbele ya wale wanaofuata nyayo sasa, ikiwa yeye atataka wawepo. Akitaka muwe wawili tu, iwe wawili.

Mkanda wenyewe nimeuweka kwenye bahasha ya kahawia, chini ya nguo zako za baridi. Ni wake. Aufanye atakavyo.

Sijui atasema nini. Usinitetee. Akinitukana, msikilize mpaka amalize, na usiniandikie kwamba hakusema kitu. Akiwa hataki kukusikiliza kabisa, ana haki, nawe rudi siku nyingine.

Utaona kibao kipya hakina alama yangu. Pale mahali pake, chini ya ukingo wa kushoto, nimepasugua pakang'aa, nikapaacha. Tangu siku ile ya Wekesa sijaigonga chapa hiyo kwenye kitu chochote. Ngazi zangu zote za miaka saba zimetoka tupu na hakuna aliyeuliza. Nilitaka kuitupa. Badala yake nimeifunga kwenye kitambaa pamoja na nyundo ndogo, imo kwenye mfuko wa pembeni wa begi. Muombe Mzee Mpate akikague kibao, kwenye mkuyu wake, kwa namna yake. Mimi nimekijaribu kwenye mabomba ya zege, naye anayo miti. Akikikataa, kikatwe vipande, na uniandikie ubaya alioona, neno kwa neno. Akikikubali, mpe nyundo. Apige alama anayoitaka yeye, hata mkwaruzo wa msumari. Hapo utapanda.

Nasikia lifti. Nadhani ni nyie.

Baba yako,
Suleiman

Nimesahau moja. Leo asubuhi, baada ya kumweleza mama yako yote haya, alikwenda kufunga mtungi wa gesi. Akasema kama kawaida yake, "Nimekaza, mimi si," akakwama hapo, mkono bado uko kwenye koki. Nikamwambia amalizie kwa jina langu. Akasema halikai vizuri mdomoni. Kisha akarudia kuikaza ile koki, ambayo tayari ilikuwa imekazwa, akasema tutazoea.